Tundu kwenye bati: jinsi mazoea yanavyoficha hatari kazini

Diski ya grinda ilipasuka saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama hatua chache tu. Nilikuwa nimekwenda kuulizia bei ya geti kwenye karakana ya kuchomelea, pembezoni mwa Dar es Salaam, na fundi alikuwa ameinama akikata bomba. Ulisikika mlio mmoja mkavu, kama sahani iliyoanguka sakafuni, halafu kimya. Kipande cha diski kilipita katikati ya bega lake na sikio la kijana aliyemshikia bomba, kikatoboa bati la ukuta wa nyuma. Jua likaingia kupitia tundu lile na kuchora mstari wa mwanga kwenye vumbi la chuma.

Fundi akazima mashine. Akalitazama tundu, akasema, "Mungu mkubwa." Kijana akacheka kicheko cha mtu aliyeogopa. Hazikupita dakika tatu, diski mpya ilikuwa imeshafungwa na kazi inaendelea: grinda ileile, haina kava la kukinga diski, na kijana amesimama palepale.

Nikamuuliza, "Fundi, kava lake liko wapi?"

"Limo ndani kwenye boksi. Kaka, kazi hii nina mwaka wa kumi na tisa. Ningekuwa siijui, ungenikuta na vidole vyote hivi?" Akanyoosha mikono yote miwili. Vidole kumi vilikuwepo.

Jibu lile nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Huyu si mtu mjinga, na kwa uvivu usingemsingizia, maana anafungua karakana kabla ya saa moja. Ni mtu mwenye ushahidi mkononi, tena mkononi hasa. Shida ni kwamba ushahidi wake hauthibitishi kile anachoamini unathibitisha. Tukilifungua fundo hili la vidole kumi, tutaelewa kwa nini mabango, semina na makaripio havijaweza kuondoa tabia hizi kwenye viwanda, kwenye majengo na kwenye karakana zetu.

Kinachozunguka ndani ya grinda

Grinda ndogo ya mkono imetengenezwa kwa diski ya inchi nne na nusu, na huzunguka takribani mara 11,000 kwa dakika. Diski ya kukatia chuma ni chembe ngumu zilizoshikanishwa kwa gundi, zikiwa zimewekewa wavu wa nyuzi ndani. Kiwango cha kawaida cha diski hizi ni kwamba ukingo wake usikimbie zaidi ya mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Diski ndogo kwenye mashine ndogo haifiki hapo, kwa hiyo kuna nafasi ya usalama imebaki.

Sasa mteja analeta bomba nene na diski ndogo haifiki ndani. Fundi anachukua diski ya inchi saba, iliyokusudiwa mashine kubwa inayozunguka polepole zaidi. Haienei ndani ya kava, basi kava linafunguliwa na kwenda kwenye boksi. Kwa mizunguko ileile 11,000, ukingo wa diski ya inchi saba unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Juu ya diski hiyohiyo imechapwa kwa maandishi madogo kwamba isizidi mizunguko 8,500. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati yake pamechapwa pia mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe, kwa sababu ile gundi huchoka, na unyevu huichosha upesi zaidi. Sijawahi kukutana na fundi wa mtaani aliyeonyeshwa pete ile na aliyemfundisha kazi.

Anawasha. Hakuna linalotokea. Anakata bomba, anapokea hela, siku inaisha. Kesho hivyohivyo.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme diski ya namna hii hupasuka vibaya mara moja katika mikato 50,000. Fundi akikata mara 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hiyo ni mikato 6,000. Kwa wastani itamchukua zaidi ya miaka minane kukutana na mpasuko mmoja, na huenda kipande kikaruka upande usio na mtu. Anaweza kustaafu bila kuumia. Lakini kwenye barabara yenye mafundi 50 wanaofanya hivyohivyo, mikato ni 300,000 kwa mwaka, na mipasuko ni 6. Kila mwaka kuna anayeumia, na kila fundi mwingine, akiangalia maisha yake mwenyewe, anaona kwamba njia yake ni salama na kwamba yule jirani alikuwa na bahati mbaya.

Uzoefu wa mtu mmoja ni kipimo kifupi mno kwa hatari ya namna hii. Miaka kumi na tisa ya fundi yule ni ya kweli, na ilimfundisha mambo mengi ambayo mimi siyajui. Ilimfundisha kupinda nondo kwa jicho tu na kusikia mashine inayoanza kuungua kabla haijatoa moshi. Ila kuhusu diski kubwa bila kava, miaka ile ilimfundisha somo la uongo, tena kwa kulirudia kila siku na kumlipa kila jioni.

Kubweteka si uzembe

Tuna neno zuri la hali hii: kubweteka. Mtu amebweteka pale anaporidhika hata hatazami tena. Mara nyingi tunalichanganya na uzembe, na mchanganyo huo una gharama. Mzembe hajali kazi yake. Aliyebweteka anaweza kuwa ndiye mfanyakazi bora kuliko wote, anayejali, anayewahi, anayejua. Amefundishwa na siku elfu zilizopita salama. Karipio humfikia mzembe. Huyu mwingine haliwezi kumfikia, kwa kuwa haoni kwamba linamhusu.

Mwanasosholojia wa Marekani, Diane Vaughan, alilichunguza jambo hili kwa undani alipofuatilia chombo cha anga Challenger, kilichovunjika sekunde 73 baada ya kuruka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu saba waliokuwamo. Pete za mpira zilizoziba maungio ya roketi zilikuwa zimeonekana zimeungua katika safari kadhaa za nyuma. Kwa akili ya kawaida, pete iliyoungua ni onyo. Lakini kila chombo kiliporudi salama na pete iliyoungua, wahusika walizoea kuiona kama jambo linalovumilika. Mipaka ilisogezwa kidogo kidogo na watu wenye elimu kubwa, wakifuata taratibu za ofisi yao. Vaughan alionyesha kwamba mkengeuko ukirudiwa bila adhabu hugeuka kuwa ndio utaratibu wenyewe.

Lile tundu kwenye bati ni pete iliyoungua. Mtu mmoja analiangalia na kuona kwamba nusura kijana afe. Mwingine analiangalia na kuona kwamba diski imepasuka na hakuna aliyekufa, kwa hiyo si jambo kubwa. Macho yote mawili yanaona tundu moja.

Sisi waongeaji wa Kiswahili tuna mtego wa ziada hapa, nao ni ule msemo kwamba ajali haina kinga. Nimeusikia msibani na naelewa kazi yake. Mjane aliyeketi kwenye mkeka hahitaji kusikia kwamba mumewe angefunga mkanda angepona. Anahitaji kuambiwa kwamba yaliyopita yamepita. Msemo ule ni wa faraja, na mahali pake ni pale. Lakini tumeubeba kutoka msibani tukaupeleka karakanani na kwenye jengo la ghorofa, tena kabla ya ajali, ukawa ruhusa. Diski iliyopasuka ilikuwa na kinga. Imo kwenye boksi.

Usiku mmoja Bahari ya Kaskazini

Kama kuna tukio moja ambalo ningependa kila msimamizi wa zamu alijue, ni la Piper Alpha. Hii ilikuwa mitambo ya mafuta na gesi iliyosimama baharini, takribani kilomita 190 kutoka Aberdeen, Scotland. Haikuwa karakana ya uchochoroni. Ilikuwa na taratibu zilizoandikwa, fomu, wahandisi na mfumo wa vibali: mtu hakugusa mashine bila kibali kilichosainiwa, na mwisho wa zamu kibali kilitakiwa kukabidhiwa kwa mdomo na kwa maandishi.

Tarehe 6 Julai 1988 kulikuwa na pampu mbili za gesi iliyoyeyuka, A na B. Pampu A ilisimamishwa kwa matengenezo makubwa ambayo yalikuwa hayajaanza. Kwa kazi nyingine, yenye kibali kingine, mafundi waliondoa vali yake ya usalama wakaipeleka kupimwa, na tundu lililobaki wakaliziba kwa kifuniko cha chuma ambacho hakikukazwa kuhimili mgandamizo. Kazi haikuisha kabla ya saa kumi na mbili jioni. Msimamizi wa mafundi alikwenda kurudisha kibali, akakuta wakubwa wameshikwa na kazi, akakiacha pale akaondoka. Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo ilivyokuwa ikifanyika siku nyingi.

Karibu saa nne kasorobo usiku pampu B ikazimika na ikakataa kuwaka. Bila pampu, mitambo yote ingesimama. Watu wa zamu ya usiku wakatafuta vibali, wakakuta kile cha matengenezo makubwa ya pampu A, wakaona kazi haijaanza, kwa hiyo pampu ni nzima. Kibali cha vali kilikuwa mahali pengine, na vibali hivyo viwili havikuwa vimeunganishwa. Wakaiwasha pampu A. Gesi ikatoka kwenye kile kifuniko, na mnamo saa nne usiku mlipuko wa kwanza ukatokea.

Pampu za maji ya kuzimia moto zingetakiwa kuwaka zenyewe. Zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono, kwa sababu kulikuwa na wapiga mbizi baharini na ilihofiwa wavutwe na mkondo wa maji. Tahadhari hiyo ilikuwa na maana pale mpiga mbizi alipokuwa karibu na mdomo wa bomba. Lakini kwa mazoea ilitumika wakati wote wapiga mbizi walipokuwa majini, popote walipokuwa, na ushauri wa wakaguzi wa kuibadilisha, uliotolewa miaka kadhaa kabla, haukutekelezwa. Usiku ule hakuna aliyeweza kuzifikia pampu zile. Watu 167 walikufa, wawili kati yao waokoaji. Walionusurika walikuwa 61, na wengi wao ni wale ambao hawakukaa kusubiri amri kwenye vyumba vya malazi kama walivyoelekezwa, bali walitafuta njia ya kuteremka au wakaruka baharini.

Ninachotaka tukione hapa ni jinsi utaratibu unavyokufa huku karatasi zake zikiendelea kuishi. Piper Alpha walikuwa na mfumo wa vibali hadi dakika ya mwisho. Uliandikwa, ulisainiwa, ulitunzwa. Kilichokuwa kimekufa ni ile dakika moja ya watu wawili kusimama uso kwa uso na mmoja kumwambia mwenzake, "Pampu A haina vali, usiiguse." Jaji Cullen, aliyeongoza uchunguzi, alitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na yote yalikubaliwa. Ukifanya kazi kiwandani, hospitalini, bandarini au kwenye mtambo wa umeme, unaijua dakika ile ya kupokezana zamu. Unajua pia inavyopotea: daladala ya mwisho inaondoka, mwenzako amechelewa, daftari limesainiwa kabla hata hajafika.

Usalama wenyewe nao una mazoea ya kizamani

Tusiwaangalie mafundi peke yao. Wanaosimamia usalama wana mazoea yao yaliyopitwa na wakati, na baadhi ni mabaya zaidi kwa kuwa yanavaa suti.

La kwanza ni kumtafuta mwenye kosa na kuishia hapo. Mwaka 1931 Mmarekani Herbert Heinrich, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima, alichapisha hesabu iliyodai kwamba ajali 88 katika kila 100 husababishwa na vitendo vya hatari vya watu. Hesabu ile ilitoka kwenye madai ya bima na ripoti za viwandani, na ripoti hizo ziliandikwa na wasimamizi wa viwanda. Msimamizi akiulizwa kwa nini mtu wake ameumia, ni mara ngapi ataandika kwamba yeye ndiye aliyenunua mashine mbovu? Kumbukumbu za msingi hazipatikani kwa mtu kuzihakiki, lakini namba ile ingali inazunguka kwenye semina baada ya miaka zaidi ya 90. Kwetu imekuwa wimbo wa taarifa za habari: chanzo cha ajali ni uzembe wa dereva, uzembe wa fundi, uzembe wa marehemu. Ripoti inafungwa. Mashine inabaki ilivyo, na anaajiriwa kijana mwingine.

La pili ni kuhesabu siku bila ajali kana kwamba ndio usalama. Tarehe 20 Aprili 2010 viongozi walikuwa wamekwenda kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, na moja ya shughuli zao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa kumaliza miaka saba bila jeraha la kumlaza mtu nyumbani. Usiku huohuo kisima kililipuka na watu 11 wakafa. Hesabu ya vidole vilivyokatwa na vifundo vilivyoteguka haikuwa na la kusema kuhusu mgandamizo wa kisima. Ubao wa siku bila ajali una ubaya mwingine: ukiambatana na zawadi, watu huanza kuficha. Kijana amechanika mkono, wenzake wanamfunga kitambaa na kumwambia avumilie, bonasi ya timu isipotee.

La tatu ni kudhani kwamba kofia ngumu, buti na kizibao cha reflekta ndio mwanzo na mwisho wa kinga. Wataalamu wamekuwa wakifundisha kwa miaka mingi ngazi inayoanza kwingine kabisa. Kwanza ondoa hatari yenyewe; usipoweza, ibadilishe kwa kitu chenye hatari ndogo; usipoweza, iwekee kizuizi kati yake na mtu; kisha ndipo ufike kwenye kanuni na mafunzo; na mwisho kabisa, kwa kile kilichobaki, mvishe mtu. Sisi tunaanzia mwisho kwa sababu ndiko kwenye bei rahisi, na kwa sababu kofia huonekana kwenye picha. Pita kwenye mashine ya kusaga ya mtaani uone. Mkanda unaotoka kwenye mota unazunguka wazi, na akina mama wamepanga foleni hatua mbili pembeni, ncha za kanga zikipeperuka. Hapo msagaji hata akivaa kofia, miwani na buti, hatari iko palepale. Kinachotakiwa ni sanduku la wavu juu ya mkanda, kazi ya nusu siku kwa fundi yeyote wa kuchomelea.

Sheria zetu kwa kweli zimetangulia mazoea yetu. Tanzania iliachana na sheria ya viwanda iliyorithiwa kutoka mwaka 1950, ikatunga Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inayogusa sehemu za kazi kwa upana na kusimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, na tangu 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwa ukifanya kazi. Kenya ilitunga ya kwake 2007. Mwezi Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani likaweka mazingira salama na yenye afya ya kazi miongoni mwa haki za msingi. Lakini mkaguzi hapiti kila siku chini ya mwembe ambako watu watatu wanachomelea kwa miwani ya jua na usiku wanalala macho yakiwawasha kama yametiwa mchanga.

Anayeona lakini hawezi kusema

Kuna hali moja ambayo si haki kuiita kubweteka. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa kubwa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza, Savar, karibu na Dhaka nchini Bangladesh. Benki iliyokuwamo iliwaambia watu wake wasirudi. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo kwenye ghorofa za juu waliziona nyufa zilezile, wakaogopa, na kesho yake asubuhi wakaamriwa kuingia kazini. Jengo likaanguka. Walikufa watu 1,134. Wale hawakuwa wamezoea hatari. Waliiona vizuri sana, ila mshahara wa mwezi ulikuwa mikononi mwa aliyewaamuru.

Nalisema hili kwa sababu kwetu pia kijana huona. Yule aliyemshikia fundi bomba aliogopa, nilimwona. Lakini kijana wa kufundishwa kazi hamwambii mkubwa wake kwamba mashine yake haina kava. Heshima tuliyolelewa nayo ni hazina, na sitaki tuitupe, ila ina upande huu mmoja unaoua. Njia pekee niliyoona ikifanya kazi ni mkubwa mwenyewe kutangulia kuomba kukosolewa, mbele ya watu, na siku ya kwanza atakapokosolewa ashukuru, tena kwa sauti. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi anayejiondoa kwenye hatari ya karibu na kubwa, akiwa na sababu ya maana, asiadhibiwe isivyo haki. Kwenye karakana, mkataba huo huanza na neno la fundi mkuu.

Nusura

Dawa ya kubweteka ni kuirudisha hatari mbele ya macho kabla haijaua, na Kiswahili kimetupa neno la kuanzia: nusura. Nusura nianguke. Nusura kinikate. Tunalitamka kisha tunalisahau, wakati ndilo tukio lenye thamani kubwa kuliko yote, maana limetufundisha bila kutoza damu.

Wenye ndege walijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya kampuni ya TWA, safari namba 514, iligonga mlima katika jimbo la Virginia, Marekani, ikielekea Washington, na wote 92 wakafa. Marubani walikuwa wameelewa vibaya ruhusa ya kushuka. Wiki sita kabla, ndege ya kampuni ya United ilikuwa karibu ifanye kosa lilelile mahali palepale. Marubani wake walisimulia ndani ya kampuni yao, na wenzao wa kampuni ile wakaonywa. Wa TWA hawakujua. Mwaka 1976 ukaanzishwa mfumo wa taifa wa kupokea habari za nusura, na ukawekwa chini ya NASA, taasisi ya anga ya Marekani isiyo na mamlaka ya kumnyang'anya rubani leseni. Jina la mtoa habari huondolewa. Waliomwelewa binadamu ndio waliopanga hivyo: mtu hasemi kosa lake kwa yule anayeweza kumfuta kazi.

Karakana haihitaji NASA. Inahitaji daftari moja na mwenye kazi anayejizuia kufoka mara ya kwanza. Akifoka mara ya kwanza, ya pili hataisikia.

Mgeni naye ni macho ya bure. Kijana akianza kazi, mwulize mwishoni mwa wiki ya kwanza ni kitu gani kilimtisha, na uandike. Baada ya miezi mitatu muulize tena. Atakuwa amesahau nusu yake, na ile nusu aliyoisahau ndiyo uanze nayo.

Kwa mashine zinazoingiwa mkono au mwili, kama za kukoboa, za kusaga na za kuchanganyia zege, kufuli lina nguvu kuliko bango lolote. Swichi kuu inazimwa, inafungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono, haukai kwa bosi wala kwa mlinzi. Hapo usalama wake hautegemei kumbukumbu ya mtu mwingine.

Wajapani wa reli wana desturi ambayo mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani ni mchezo. Dereva hunyoosha kidole kuelekea taa ya ishara na kuitaja kwa sauti, kila mara, hata akiwa peke yake. Majaribio ya taasisi yao ya utafiti wa reli katika miaka ya 1990 yalionyesha makosa kwenye kazi rahisi yakipungua kwa karibu asilimia 85. Mazoea huyafanya macho yapite juu ya kitu bila kukiona. Kidole na sauti huyalazimisha yasimame. Muuguzi anaweza kufanya hivyo kwenye chupa ya dawa, na fundi umeme kwenye swichi kabla hajagusa waya.

Nilirudi kwenye karakana ile kuchukua geti langu. Kava lilikuwa limerudi kwenye grinda ndogo, na sikuwa mimi niliyelirudisha. Fundi aliniambia alikaa siku mbili akiwaza urefu wa yule kijana. Angekuwa mrefu kidogo tu, alisema, na akaweka kiganja hewani kuonyesha ni kiasi gani. Halafu akaeleza shida yake halisi, ambayo siku ile sikuwa nimemwuliza: mabomba mazito, na mashine moja ndogo. Wakachanga, yeye na karakana mbili za jirani, wakanunua mashine ya kukatia ya mezani, kubwa, ya kutumiwa kwa zamu. Ameifunga kwa bolti kwenye meza ya chuma, na kichwa cha bolti inayoshika kava lake amekichomelea kisifunguke.

"Nimekichomelea mwenyewe," alisema. "Najijua."